Karani wa Bandarini na Nambari Inayogawika

Kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri kwa kawaida huwa za washairi, wapigania uhuru na wanariadha. Mwaka huu nimeamua kuwaletea mtu wa hesabu. Najua kuna wengine ambao wamekwisha kuanza kufunua ukurasa unaofuata. Ngojeni kidogo jameni! Mtu huyu alianguka mtihani mara mbili, akafukuzwa na umaskini mlango hadi mlango, akawa karani wa bandari, na bado akaacha jina ambalo ulimwengu haujalisahau. Jina lake ni Srinivasa Ramanujan.

Mtaniuliza, hesabu na Kiswahili ni wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba Kiswahili chetu kimehesabu pamoja na Wahindi kwa muda mrefu sana. Neno laki, yaani elfu mia moja, lilivuka bahari kutoka kwao. Rupia nayo si neno geni hapa. Kabla ya mwaka 1920 watu wa Nairobi walipokea mishahara yao kwa rupia, na shilingi ikaja baadaye. Kwa hivyo karani wa reli aliyefanya kazi Nairobi miaka ile na karani wa bandari ya Madras, ambaye ndiye nitakayemsimulia, walitia mfukoni sarafu ya jina moja.

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, akalelewa katika mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Mama yake, Komalatammal, alikuwa akiimba nyimbo za dini hekaluni, na ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Walikuwa wa tabaka la Brahmin, tabaka la heshima kubwa, lakini heshima haijazi sufuria. Ili mambo yaende, waliwapa wanafunzi wa chuo nafasi ya kulala nyumbani kwao kwa kodi. Sisi tunaokaa Jericho, Maringo na Makongeni tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Ni nyumba ngapi mtaani zimeongezewa chumba cha mabati nyuma ili kodi yake iwe karo ya mtoto? Wapangaji wale walimfaa kijana Ramanujan kwa namna nyingine. Inasimuliwa kwamba alipofika umri wa miaka 11 alikuwa amewamalizia hesabu yote waliyoijua.

Shuleni aling'ara. Kisha mwaka 1903, akiwa na miaka 15, alipata kuazima kitabu cha Mwingereza mmoja aitwaye G. S. Carr, aliyekuwa akiwafundisha watu kupita mitihani. Kitabu chenyewe kilikuwa orodha ya kanuni kama 5,000, moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa na maelezo machache au bila maelezo kabisa. Mwanafunzi mwingine angekirudisha kesho yake. Ramanujan aliona kila kanuni kuwa ni kitendawili anachotegewa, akaketi kuvitegua kimoja kimoja. Kitabu kilipokwisha, akaanza kutunga vyake.

Mwaka 1904 alimaliza shule ya upili kwa tuzo ya hesabu, akapewa msaada wa kusomea chuo cha serikali cha Kumbakonam. Hapo ndipo asali ilipogeuka shubiri. Alikuwa amezama katika hesabu hata hakutaka kusikia la Kiingereza wala la historia. Akaanguka katika masomo mengine, na ule msaada ukaondolewa. Familia haikuwa na pesa za karo. Mwaka 1905 kijana akatoroka nyumbani bila kuaga. Mwaka 1906 akajaribu bahati katika chuo cha Pachaiyappa mjini Madras. Akafanya mtihani, akaanguka. Mwaka 1907 akaurudia, akaanguka tena. Somo la viungo vya mwili lilimshinda kabisa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Sisi tunajua maana ya matokeo. Tunajua jinsi mtaa mzima unavyouliza, na jinsi mtu anavyoweza kupita njia ya nyuma ili asikutane na jirani. Ramanujan hakuwa na cheti, hakuwa na kazi, hakuwa na chuo. Kwa macho ya watu wa Kumbakonam alikuwa kijana mwenye akili aliyeharibika. Alichokuwa nacho ni madaftari yake tu.

Karatasi ilikuwa ghali kwake. Kwa hiyo alifanya hesabu juu ya kibao kwa chaki, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena, na jibu la mwisho tu ndilo lililoingia daftarini. Ndiyo maana madaftari yake yamejaa majibu yasiyoonyesha njia. Nadhani mwalimu wetu wa hesabu angemkata alama nusu nzima na kumwandikia kwa wino mwekundu kwamba aonyeshe kazi yake! Lakini majibu yale, mengi mno kati yake, yalikuwa ya kweli, na wanahisabati walihitaji miongo mingi baadaye kuyathibitisha.

Mwaka 1909 mama yake alimwoza msichana aitwaye Janaki, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao, ingawa leo hakuna anayeweza kuisifu. Bi harusi alibaki kwao kwa muda, na bwana harusi akatoka kutafuta kazi, madaftari kwapani. Alikwenda kwa V. Ramaswamy Aiyer, ofisa wa serikali aliyekuwa ameanzisha chama cha wanahisabati wa India, akaomba hata ukarani mdogo. Yule mzee alifungua madaftari, akaona kwamba kumfungia kijana huyu katika ofisi ya kodi ni sawa na kumfunga punda wa mbio kwenye mkokoteni. Akampa barua za kumtambulisha kwa wenzake. Mmoja wao, R. Ramachandra Rao, alimpa rupia 25 kwa mwezi kutoka mfuko wake mwenyewe ili apate kula na kuandika. Mwaka 1911 makala yake ya kwanza ikachapishwa katika jarida la chama kile.

Lakini Ramanujan hakupenda kulishwa bure. Tarehe 1 Machi 1912 alianza kazi ya ukarani katika bandari ya Madras kwa rupia 30 kwa mwezi. Mkubwa wake wa karibu, S. Narayana Iyer, alikuwa naye mpenzi wa hesabu, na jioni walikaa pamoja na vibao vyao. Mkubwa wa bandari yote, Sir Francis Spring, naye akamuunga mkono. Tazama basi jinsi mtu huyu alivyopita. Hakuna mmoja aliyembeba peke yake. Huyu alitoa barua, yule akatoa rupia, mwingine akatoa nafasi ya kazi, na mwingine akatoa jioni zake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwezi wa Januari 1913 akamwandikia barua G. H. Hardy, mwanahisabati wa chuo cha Trinity huko Cambridge, Uingereza. Alijieleza kuwa ni karani maskini asiye na shahada, akaambatisha kurasa za kanuni zaidi ya mia. Waingereza wengine aliowaandikia kabla yake hawakumsaidia. Hardy pia kwanza alidhani ni mzaha. Lakini jioni ile alikaa na mwenzake J. E. Littlewood, wakazipitia kanuni zile, na kabla ya kulala walikuwa wamekubaliana kwamba aliyeziandika ni bingwa wa hali ya juu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Madras kikampa rupia 75 kwa mwezi afanye utafiti. Mtu aliyeshindwa kupata cheti sasa alilipwa na chuo kikuu!

Kuvuka bahari kulikuwa mwiko kwa watu wa tabaka lake, na mama yake alikataa. Mwishowe akaridhia. Tarehe 17 Machi 1914 Ramanujan alipanda meli ya Nevasa bandarini Madras, akafika London tarehe 14 Aprili. Meli hiyo ilikuwa ya kampuni ya British India, kampuni ileile ambayo meli zake zilizoeleka pia Mombasa. Janaki aliachwa nyuma. Miezi michache baadaye, Agosti 1914, Uingereza ikaingia katika Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa nimefika pale nilipotaka kufika, na ninaomba mchukue kalamu na karatasi.

Chukulia chama cha akina mama kumi na wawili pale Kaloleni. Wakitaka kugawanyika kazi, wanaweza kuwa makundi mawili, matatu, manne au sita, na kila kundi likawa sawa na jingine. Akiongezeka mmoja wakawa kumi na watatu, basi! Hawagawanyiki tena, isipokuwa kila mtu abaki peke yake. Nambari inayoigawa nyingine bila baki huitwa kigawo. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, yaani sita. Vya 13 ni 1 na 13 tu, na nambari kama hiyo huitwa nambari tasa. Nambari tasa ndizo matofali ya nambari nyingine zote. 12, kwa mfano, imejengwa kwa 2 × 2 × 3.

Wanahisabati wengi tangu zamani walipenda nambari tasa, zile zisizogawika. Ramanujan aligeuka upande wa pili, akauliza: ni nambari zipi zinazogawika kuliko zote? Alizitafuta zile ambazo vigawo vyake ni vingi kuliko vya nambari yoyote iliyo ndogo kuliko zenyewe. Mimi naziita nambari bingwa. Kreti ya soda ina chupa 24, na 24 ina vigawo vinane: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Hakuna nambari chini yake yenye vigawo vinane, kwa hivyo 24 ni bingwa. Trei ya mayai ina mayai 30, na 30 pia ina vigawo vinane. Lakini haikuvunja rekodi, imeifikia tu. Kwa hivyo 30 si bingwa. Mabingwa wa kwanza baada ya 1 ni 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120. Hebu angalia saa ya ukutani: 12, 24 na 60 zote zimo katika jinsi tunavyogawa siku. Waliogawa wakati hapo kale hawakuwa wajinga.

Je, mabingwa hawa wamejengwa vipi? Ramanujan alionyesha kwamba kuna utaratibu. Linganisha 12 na 18. Ya kwanza ni 2 × 2 × 3, ya pili ni 2 × 3 × 3. Zote mbili zina vigawo sita, lakini 12 ni ndogo, kwa hivyo ndiyo bingwa. Somo lake ni nini? Tofali dogo ndilo la kurudiwa mara nyingi zaidi. Katika kila nambari bingwa, 2 haiwezi kutokea mara chache kuliko 3, wala 3 mara chache kuliko 5, na kuendelea hivyo. Tena alithibitisha kwamba tofali kubwa la mwisho hutokea mara moja tu, isipokuwa katika nambari mbili, 4 na 36.

Kwa utaratibu huo, bila mashine yoyote ya kisasa, Ramanujan aliandika orodha ya nambari bingwa zaidi ya mia moja. Ya mwisho katika orodha ni hii hapa: 6,746,328,388,800. Isome kwa Kiswahili polepole: trilioni sita, bilioni mia saba arobaini na sita, milioni mia tatu ishirini na nane, mia tatu themanini na nane elfu, na mia nane. Imejengwa kwa 2 mara sita, 3 mara nne, 5 mara mbili, 7 mara mbili, kisha 11, 13, 17, 19 na 23 mara moja moja. Zidisha uone mwenyewe. Mimi nilizidisha nyuma ya daftari, na zikatoka sawasawa.

Kuhesabu vigawo vyake hakuhitaji kuviandika vyote. Ukitaka kutengeneza kigawo, unachagua matofali. Tofali la 2 unaweza kuliacha kabisa au kulichukua mara moja hadi mara sita, hizo ni njia 7. La 3 lina njia 5. La 5 lina njia 3, na la 7 pia njia 3. Yale matano yaliyobaki yana njia mbili mbili, kuchukua au kuacha. Basi 7 × 5 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 10,080. Nambari ile ina vigawo 10,080!

Tuseme nambari hiyo ni shilingi. Mtu mmoja anaweza kuichukua yote, wawili wakagawana sawa, watatu vilevile, na hivyo hivyo bila kuruka hata mmoja mpaka watu 28, pasibaki hata senti. Watu 29 ndio wa kwanza kushindwa. Darasa la wanafunzi 50 lingegawana, kila mmoja akapata shilingi 134,926,567,776. Wakiwa 51 sawa, wakiwa 52 pia sawa. Akija mwanafunzi mgeni wakawa 53, hapo ndipo ugomvi ungeanza, kwa sababu 53 ni nambari tasa na haimo katika yale matofali.

Kazi hiyo ilichapishwa London mwaka 1915, na mwaka 1916 Cambridge ikampa shahada kwa ajili yake. Kumbuka ni yuleyule aliyeanguka mara mbili huko Madras. Lakini vita vilikuwa vimebana kila kitu, na chama cha wanahisabati kilichochapisha makala hakikuwa na pesa za kutosha. Ikabidi sehemu ya kazi iachwe nje ili kupunguza gharama. Sehemu iliyoachwa ilichapishwa mwaka 1997, miaka 82 baadaye, wakati mwenyewe alikuwa kaburini zamani.

Maisha ya Uingereza yalimchosha. Dini yake ilimkataza nyama, naye alijipikia chumbani mwenyewe. Wakati wa vita mboga na vyakula alivyovizoea vilikuwa adimu. Baridi ilimuuma, na upweke ulimuuma zaidi. Mwaka 1917 akaugua sana. Madaktari wa wakati ule walidhani ni kifua kikuu, akahamishwa hospitali moja hadi nyingine. Mwaka 1918, akiwa mgonjwa, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, kisha akawa Mhindi wa kwanza kupewa ufelo wa chuo cha Trinity.

Ni katika ugonjwa huo ndipo kilipotokea kile kisa ambacho pengine mmekisikia. Hardy alikwenda kumtazama hospitalini huko Putney, akamwambia kwamba teksi iliyomleta ilikuwa na nambari 1729, nambari isiyo na mvuto wowote. Mgonjwa alikataa palepale kitandani. Alimweleza kwamba ndiyo nambari ndogo kuliko zote inayoweza kupatikana kwa njia mbili kwa kujumlisha nambari mbili zilizozidishwa zenyewe mara tatu. Jaribu: 12 × 12 × 12 ni 1,728, ongeza 1 × 1 × 1. Kisha 10 × 10 × 10 ni 1,000, ongeza 9 × 9 × 9 ambayo ni 729. Zote zinatoa 1,729. Watu husimulia kisa hiki kama muujiza. Mimi sioni muujiza. Naona mtu aliyekaa na nambari miaka mingi mpaka akazijua kama konda wa Jogoo Road anavyozijua steji zake.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni kingine, na wachache hukisimulia. Chuo Kikuu cha Madras kiliamua kumpa pauni 250 kwa mwaka. Januari 1919, akijiandaa kurudi nyumbani, aliandika barua kwa msajili wa chuo. Alisema kwamba pesa hizo zilizidi mahitaji yake. Aliomba wazazi wake wapewe pauni 50 kwa mwaka, na zitakazobaki baada ya matumizi yake ya lazima zitumiwe katika elimu, hasa kuwapunguzia karo watoto maskini na mayatima, na kununua vitabu vya shule. Mtu aliyefukuzwa chuoni na karo alikumbuka karo. Mtu aliyekosa karatasi alikumbuka vitabu. Alikuwa amezichunguza nambari zinazogawika, na alipopata pesa zake mwenyewe alijua la kuzifanyia.

Alifika India Machi 1919. Janaki, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alimuuguza usiku na mchana, akimpa karatasi na kuzikusanya kadiri alivyoandika. Tarehe 26 Aprili 1920 Ramanujan alifariki Madras akiwa na miaka 32. Kurasa zake nyingi za mwisho zilipelekwa Uingereza na zikasahaulika, mpaka mwaka 1976 mwanahisabati Mmarekani George Andrews alipozikuta katika maktaba ya Trinity. Siku hizi India huadhimisha tarehe 22 Desemba kuwa siku ya taifa ya hesabu.

Na Janaki je? Tusimwache nyuma mara ya pili. Alijifunza kushona, akaishi kwa cherehani yake huko Madras miaka mingi, akamlea mtoto asiye wake. Uzeeni alilalamika kwamba mumewe aliahidiwa sanamu na sanamu haikujengwa. Katika miaka ya 1980 wanahisabati wa nchi mbalimbali walichanga kwa mifuko yao, sanamu la kichwa na mabega likatengenezwa, naye akapelekewa. Alifariki mwaka 1994, miaka 74 baada ya mumewe.

Sasa turudi kwenye ile orodha ya mwaka 1915, kwa maana sijamaliza nayo. Kuna nambari moja bingwa ambayo Ramanujan aliiruka. Alitoka kwenye 195,545,750,400 yenye vigawo 4,608, akaenda moja kwa moja kwenye 321,253,732,800 yenye vigawo 5,376. Katikati yake ipo 293,318,625,600. Imejengwa kwa 2 mara sita, 3 mara nne, 5 mara mbili, 7 mara mbili, na 11, 13, 17 na 19. Hesabu njia zake: 7 × 5 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Ni 5,040, nyingi kuliko 4,608. Ilistahili kuwamo. Tena cha kushangaza, ukiizidisha kwa 23 unapata ileile nambari kubwa ya mwisho wa orodha. Ilikuwa imejificha tumboni mwa nambari aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Siandiki haya kumshusha. Naandika kwa sababu hapa ndipo pana uzuri wa somo hili tunaloliogopa. Katika mambo mengi mtoto wa Makadara akimwambia mkubwa kwamba ameruka kitu, ataambiwa akae chini. Katika hesabu haiko hivyo. Karani wa Madras alimwandikia profesa wa Cambridge, na profesa hakuwa na budi kuzitazama kanuni zenyewe, si cheti. Na wewe leo, kwa kalamu ya shilingi chache na nyuma ya daftari, unaweza kuitazama orodha ya bingwa huyo, ukazidisha, na ukaona kwa macho yako kilichokosekana. Hakuna anayehitaji kukuruhusu. Maktaba ya Kaloleni iko, ya Makadara iko.

Kwa wale ambao matokeo yao hayakuwafurahisha, sitawadanganya kwamba kuanguka ni kuzuri. Kulimgharimu Ramanujan miaka ya njaa, na bila wale waliomgawia walichokuwa nacho huenda tusingelijua jina lake. Basi wewe uliyefaulu, ukiona mwenzako anakuzidi kwa jambo moja na anashindwa na mengine matano, usimcheke. Mgawie daftari, mgawie jioni yako.

Kabla sijaitua kalamu, nawaachia fumbo. Nambari 360 ina vigawo 24. Ukipanda juu kutoka hapo, nambari ya kwanza kabisa itakayoivunja rekodi hiyo ni ipi? Jibu usiniletee mimi. Lipeleke kwa mwalimu wa hesabu, na safari hii, tafadhali, onyesha njia.